Isnadi na Matini: Kiswahili katika Santuri za Jazi na Jamii ya Wasikilizaji Wake

1.0 Utangulizi

Mpenzi wa muziki wa jazi hasikilizi santuri peke yake, hata anapokuwa peke yake chumbani. Akishaitua sindano juu ya sahani, jambo linalofuata ni kuwaarifu wenzake: nasikiliza santuri fulani, ya fulani, iliyorekodiwa mwaka fulani, na waliopiga ni fulani na fulani. Wenzake nao hutaja zao, na kila mmoja huongeza neno moja au mawili ya sifa au ya lawama. Mazoea haya yana umri mrefu. Huko Ufaransa chama cha Hot Club de France kiliasisiwa mwaka 1932, na wapenzi wa jazi walikutana kuzisikiliza na kuzijadili santuri zilizotoka Marekani. Huko Yokohama, mkahawa wa Chigusa ulifunguliwa mwaka 1933. Na katika mikahawa ya aina hiyo nchini Japani, jalada la santuri inayopigwa huwekwa mahali pa wazi ili kila mteja aliyeketi ajue anachokisikiliza.

Makala hii inayachukulia mazoea hayo kuwa suala la kihakiki wala si la burudani tu. Tutadai mambo mawili. Kwanza, duru ya wasikilizaji wanaoarifiana santuri ni hadhira kwa maana kamili ya neno hilo katika nadharia ya fasihi simulizi: ni hadhira inayohifadhi, inayochuja na inayopima utungo. Pili, zipo santuri za jazi zenye Kiswahili ndani yake, na hadhira hiyo imezihifadhi kwa uangalifu mkubwa bila kuyaelewa maneno yake. Ilhali sisi tunaoyaelewa maneno hatujazihesabu kuwa sehemu ya somo letu. Mfano wetu mkuu ni *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960. Baadaye tutagusia majina ya Kiswahili waliyojipa wanamuziki wa kundi la Herbie Hancock mwanzoni mwa miaka ya 1970.

2.0 Hadhira na isnadi yake

Wanazuoni wa hadithi za Mtume wametuachia istilahi mbili zinazotufaa hapa. Kila hadithi ina isnadi, yaani mlolongo wa majina ya walioipokea na kuipokeza, na ina matini, yaani maneno yenyewe yaliyopokewa. Neno matini tunalolitumia kila siku katika uhakiki limetoka huko. Hadithi isiyo na isnadi hutiliwa shaka. Na isnadi isiyo na matini ni orodha ya watu tu.

Taarifa ya mpenzi wa santuri ni isnadi. Hutaja kiongozi wa bendi, kampuni, tarehe, kisha wapigaji mmoja mmoja pamoja na ala zao. Asiyeyazoea mambo haya huona kwamba ni uchu wa orodha. Historia yake, hata hivyo, yaonyesha vingine. Katika santuri nyingi za mwanzo, karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani ilibeba jina la wimbo na jina la kiongozi au la bendi basi. Aliyepiga tarumbeta hakutajwa. Wapenzi ndio waliokaa wakasikiliza, wakabishana, wakamtambua mpigaji kwa sauti yake kama vile mjuzi wa tungo za kale anavyomtambua mshairi asiyetia jina lake katika beti za mwisho. Mwaka 1936 Charles Delaunay alichapisha mjini Paris kitabu cha *Hot Discography*, kilichozipanga santuri hizo pamoja na majina ya wapigaji. Katika miaka hiyo hiyo, chama cha United Hot Clubs of America, ambacho kiliendeshwa na Milt Gabler, mwenye duka la santuri mjini New York, kilizitoa upya santuri zilizokuwa zimeadimika na kuyachapa majina ya wapigaji juu ya sahani. Wengi wa wapigaji hao walikuwa Wamarekani Weusi, ambao kazi yao ilikuwa imeuzwa bila ya majina yao. Kumtaja mtu kulikuwa ni kumrudishia haki yake.

Pamoja na hayo, hadhira inayohifadhi ni hadhira inayokata pia. Mfano maarufu ni wa Dean Benedetti, ambaye katika miaka ya 1947 na 1948 alimfuata Charlie Parker katika kumbi na kumrekodi. Benedetti alimtaka Parker tu. Parker alipomaliza zamu yake ya saksafoni, mashine ilizimwa; wenzake walipopokea, hawakurekodiwa. Rekodi hizo zilitolewa na kampuni ya Mosaic mwaka 1990, na anayezisikiliza leo husikia msururu wa vipande, kila kimoja kikianza na kukoma ghafla. Mapenzi ya msikilizaji yameiokoa sauti moja na kuzipoteza nyingine zilizokuwa zikisemezana nayo. Sisi tunaoshughulika na fasihi simulizi twalijua tatizo hili vizuri. Ni mara ngapi mkusanyaji wa ngano ameyaandika maneno ya fanani na kuacha vicheko, maswali na viitikio vya waliokuwapo?

Amiri Baraka, wakati huo akiitwa LeRoi Jones, alitoa lawama iliyo karibu na hii katika insha yake ya mwaka 1963 kuhusu jazi na mhakiki Mweupe. Alisema kwa muhtasari kwamba mhakiki huyo alijishughulisha na kuufurahia muziki kabla ya kuuelewa mtazamo wa maisha ulioutoa. Yaani, alichukua sauti akaacha kusemwa kwake. Lawama hiyo twaweza kuisogeza hatua moja zaidi: itakuwaje pale ambapo kinachosemwa kinasemwa kwa lugha ambayo msikilizaji haijui kabisa?

3.0 *Uhuru Afrika*: maneno yaliyotangulia muziki

Kampuni ya Columbia ilipoanza kuuza santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika mwaka 1948, muda wa upande mmoja uliongezeka kutoka dakika tatu hivi hadi zaidi ya ishirini. Mtunzi wa jazi akaweza kuwaza utungo mrefu wenye sehemu, na jalada pana likampa nafasi ya maelezo. *Uhuru Afrika* ni zao la uwezekano huo. Ina utangulizi na sehemu nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Muziki ulipangwa na Melba Liston, mpiga tromboni, kwa ajili ya bendi ya watu zaidi ya ishirini. Walikuwamo Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye filimbi na saksafoni, Max Roach kwenye ngoma, Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Kuba. Langston Hughes aliandika maneno. Shairi lake la uhuru linalofungua kazi hii linasikika kwa Kiswahili, kwa sauti ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika.

Tarehe ina uzito wake. Katika mwaka wa 1960 nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru, lakini Tanganyika haikuwamo. Ilingoja hadi tarehe 9 Desemba 1961. Kenya ilingoja hadi tarehe 12 Desemba 1963. Basi Sanga anaposoma juu ya uhuru katika studio ya New York, anakisema kitu ambacho nchi yake bado inakidai. Kadhalika Wamarekani Weusi waliomzunguka walikuwa katikati ya madai yao wenyewe. Weston hakuwa amekanyaga Afrika bado; alifika Lagos kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Neno uhuru katika santuri hii lina wadai wawili, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wa uzamili utangulizi huo bila ya kuwaonyesha jalada wala kuwatajia jina la mtu. Walitarajia sauti za ala. Maneno yalipoanza waliacha kuandika. Mmoja akaomba sindano irudishwe nyuma. Swali la kwanza lililoulizwa baada ya kusikiliza mara ya pili lilikuwa: "Nani huyu?" Walikuwa na matini, hawakuwa na isnadi. Mpenzi wa santuri wa Paris au wa Yokohama yumo katika hali ya kinyume. Anaweza kukutajia wapiga tarumbeta wote wanne, mpangaji wa muziki na mwezi wa kurekodiwa. Jina la Sanga pia analijua, kwa kuwa limeandikwa. Asichonacho ni maneno. Kwake yeye sauti ya Sanga ni ala moja zaidi, na huenda akaisifu kwa namna anavyoisifu ngoma ya Olatunji.

Hatusemi kwamba kusikiliza kwa namna hiyo ni kosa. Sauti ya binadamu ni ala pia, na mashairi yetu wenyewe yamepata kupendwa na watu wasioyafahamu. Lakini msikilizaji wa namna hiyo anakosa mambo ambayo hayamo katika orodha yoyote. Tutoe mifano miwili kutoka katika vichwa vya sehemu.

Mfano wa kwanza ni "Bantu". Kwa msikilizaji wa nje hili ni jina la Kiafrika lenye fahari, na bila shaka Weston alilikusudia hivyo. Kwa msomaji wa Kiswahili, neno hili lina shina la "mtu" na "watu", ila lenyewe si neno letu la kila siku; ni istilahi iliyoenezwa na wanaisimu wa Ulaya katika karne ya 19. Zaidi ya hayo, katika Afrika Kusini ya wakati huo neno hili lilikuwa limekwisha kuwa neno la sheria za ubaguzi, kama ile sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Serikali ya nchi hiyo iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1964. Neno ambalo watawala walilitumia kuwatenga watu, Weston amelifanya jina la sehemu inayowakusanya. Msikilizaji asipozijua historia mbili za neno hili, marufuku hiyo ataiona kuwa jambo lililotoka nje na kuipata santuri. Akizijua, atasikia kwamba ugomvi ulikuwa tayari umo ndani ya jina.

Mfano wa pili ni "Kucheza Blues". Bila shaka kilichokusudiwa ni tafsiri ya kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupiga muziki na ya kucheza mchezo pia. Katika Kiswahili sanifu mambo haya yametengwa. Kinanda hupigwa, gitaa hupigwa, santuri yenyewe hupigwa. Anayecheza si fundi wa ala bali ni yule aliyeinuka kutoka kitini. Ngoma hupigwa na mmoja na kuchezwa na umma. Kwa hiyo, kwa sikio letu, sehemu ya mwisho ya *Uhuru Afrika* haiwahusu wapigaji. Inawahusu waliokuja kusikiliza. Kazi inaanza kwa dai, "uhuru kwanza", inapita kwa mwanamke wa Kiafrika, inapita kwa watu, na inaishia kwa watu hao kuinuka na kucheza. Huu ni mpangilio unaojulikana katika sherehe zetu: neno hutangulia, ngoma hufuata, na aliyekuja kutazama hujikuta uwanjani.

Huenda tukapingwa kwamba hapa tumesoma maana ambayo mtunzi hakuikusudia. Pingamizi hilo tunalikubali kwa upande mmoja: hatudai kwamba Weston aliijua tofauti baina ya kupiga na kucheza. Tunachodai ni kwamba akishaazima lugha, mtunzi ameazima na kanuni zake. Kusudio la mwenye kutunga ni ushahidi mmojawapo katika uhakiki, nao haufungi milango ya ushahidi mwingine. Maana zote mbili zimo katika jalada lile. Moja inajulikana kwa wapenzi wa jazi, na nyingine inangoja wasikilizaji wake.

4.0 Majina ya kundi la Hancock

Miaka kumi baadaye Kiswahili kilirudi katika jazi kwa njia ya majina. Mpiga piano Herbie Hancock alirekodi santuri ya *Mwandishi*, iliyotoka mwaka 1971, na jina hilo likawa lake. Wenzake nao walikuwa na majina: Buster Williams aliitwa Mchezaji, Billy Hart aliitwa Jabali, Bennie Maupin aliitwa Mwile, Eddie Henderson aliitwa Mganga, na Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto. Majina hayo yalitolewa na James Mtume, aliyekuwa mfuasi wa chama cha Maulana Karenga. Karenga ndiye aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, miaka sita baada ya "Uhuru Kwanza" kurekodiwa.

Msomaji wa Kiswahili akiyaona majina haya hucheka kidogo, na hana haja ya kukificha kicheko chake. "Mwile" haliko katika matumizi yetu. Neno letu ni mwili. "Pepo mtoto" huwapeleka wasomaji wa pwani moja kwa moja kwenye ngoma za kupunga pepo, na sidhani mpiga tromboni yule alitaka kupungwa. "Mchezaji" lina tatizo tulilokwisha kulieleza, kwani Williams alikuwa akipiga besi.

Kicheko kikishapita, kazi ya uhakiki inaanza. Chukua "Mganga". Henderson alikuwa daktari wa tiba aliyehitimu, mbali na kuwa mpiga tarumbeta. Katika mazungumzo ya kawaida twamwita mtu wa hospitali daktari, na mganga tunamwachia mtu wa mitishamba. Ila katika Kiswahili cha ofisi za Tanzania mganga mkuu ni cheo cha serikali. Jina hili basi limekaa sawasawa pale ambapo lugha yenyewe bado inasitasita. Chukua na "Mwandishi". Kwa kazi ya Hancock neno letu lingekuwa mtunzi, neno linalowachukua pamoja mshairi na mwenye kutunga nyimbo, awe ameandika au hakuandika. Uandishi ni wino na karatasi. Jina la mwandishi amepewa kiongozi wa kundi ambalo sifa yake kubwa ilikuwa kutunga papo kwa papo, mbele ya hadhira, mambo ambayo hayakuwa yameandikwa. Hapa kosa la kuchagua neno limetuwekea mezani swali ambalo limetushughulisha katika idara zetu kwa miaka mingi: je, fasihi ni kile kilichoandikwa, au ni kile kilichotungwa? Santuri inalifanya swali hilo liwe gumu zaidi. Utungo wa papo kwa papo, ukishachongwa katika sahani, hurudiwa vile vile kila sindano inapotua. Umekuwa maandishi ya aina fulani, na pengine hapo ndipo jina la Mwandishi linapopata haki yake.

5.0 Jazi ya kwetu na Kiswahili cha kwao

Wapo kati yetu watakaosema kwamba haya yote ni Kiswahili cha kukopa, kisicho na wenyewe, na kwamba mababu wa Wamarekani Weusi kwa sehemu kubwa walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, mbali na mwambao wetu. Hoja ya historia ni kweli. Hitimisho lake ndilo tunalolikataa.

Tukumbuke tulivyolitendea neno "jazz" sisi wenyewe. Bendi za Afrika Mashariki zilijiita Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Shirati Jazz. Mpenzi wa santuri wa Yokohama akimsikia Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au gitaa la D. O. Misiani akiwa na Shirati Jazz, hatakiona alichokizoea kwa jina hilo. Atasikia muziki wa dansi, atasikia benga. Je, tulikosea? Hatukukosea. Tulilichukua neno lililosikika kuwa la kisasa, la mjini, la watu Weusi waliotamba ulimwenguni, tukalitia katika kazi yetu. Wao nao walilichukua neno uhuru, na lugha yenye neno hilo, kwa haja iliyofanana na yetu. Anayewacheka kwa "Mwile" na asijicheke kwa "Jazz" hajapima kwa mizani moja.

Jambo la kusikitisha liko kwingine. Katika kubadilishana huku, kila upande ulilichukua jina na kuacha mazungumzo. Mihadhara yetu ya ushairi wa Kiswahili hupita kutoka tenzi za kale hadi mgogoro wa mashairi huru bila ya kumtaja Mtanganyika aliyesoma shairi la Langston Hughes kwa Kiswahili mbele ya Max Roach na Melba Liston. Nao wanaozitunza santuri hizi kwa vitambaa laini na majalada ya plastiki hawajapata wa kuwaambia kinachosemwa.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba duru ya wapenzi wa santuri ni hadhira inayofanya kazi ya uhakiki, na kwamba nguvu yake ni isnadi. Tumeonyesha pia kwamba isnadi hiyo, kwa habari ya santuri zenye Kiswahili, imebaki ikingoja wajuzi wa matini. Wajuzi hao ni sisi. Kazi zilizopo ni za kawaida kabisa katika taaluma yetu: kuyanukuu kwa usahihi maneno ya Kiswahili yanayosikika katika santuri hizi, kuyalinganisha na Kiingereza cha Hughes, kuvichunguza vichwa na majina, na kuyaandika matokeo mahali ambapo wapenzi wa jazi na wanafunzi wa Kiswahili watayasoma pamoja.

Hughes alifariki mwaka 1967, Liston mwaka 1999, Weston mwaka 2018. Mlolongo wa waliokuwamo studioni umezidi kupungua, na wa kuulizwa wamebaki wachache. Sahani bado zipo, na kila siku yuko mtu mahali fulani anayeitoa moja katika jalada lake na kuwaambia wenzake anasikiliza nini. Siku atakapoitaja *Uhuru Afrika*, ingefaa awepo miongoni mwa wanaomjibu mtu wa kumwambia: rudisha sindano nyuma kidogo, nikueleze anachosema.